Kundi la Damu kama Kihatarishi cha Saratani ya Kinywa: Tafakuri kutoka Pwani ya Tanga

Ikisiri

Makala hii inaeleza uhusiano unaodhaniwa kuwapo baina ya makundi ya damu ya mfumo wa ABO na saratani ya kinywa, kwa kurejelea mazingira ya Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania. Hoja inayojengwa ni kwamba dhana hiyo ina msingi wa kibiolojia usiopaswa kupuuzwa. Hata hivyo, katika jamii yenye watu wa asili nyingi na yenye desturi ya tambuu, kundi la damu linaweza kuonekana kuwa kihatarishi kwa sababu tu linaandamana na tofauti za nani anatafuna nini.

Utangulizi

Katika miji na vijiji vya pwani ya Tanga, kundi la damu ni miongoni mwa habari chache za kitabibu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzijua kwa hakika kuhusu mwili wake. Mwanafunzi wa sekondari aliyechangia damu shuleni hurudi nyumbani akilijua kundi lake. Mama mjamzito huandikiwa kundi lake katika kadi ya kliniki. Ndugu wanaoitwa Hospitali ya Bombo kumchangia mgonjwa wao hutoka wakijua nani ni O na nani ni B. Shinikizo la damu hupanda na kushuka, uzito hubadilika, macho huchoka, lakini kundi la damu kwa kawaida ni lile lile tangu kuzaliwa hadi kaburini. Uthabiti huo ndio unaolipa mvuto. Jambo lisilobadilika huelekea kudhaniwa kuwa lina siri fulani kuhusu hatima ya mwenye nalo.

Kwa sababu hiyo, habari ya kwamba watu wa kundi fulani wamo hatarini zaidi kupata saratani ya kinywa hupokewa kwa njia mbili, na zote mbili zina madhara. Aliyeambiwa kwamba kundi lake ni la hatari huona kwamba amekwisha kuandikiwa, hivyo kuacha tumbaku au tambuu hakutamsaidia kitu. Aliyeambiwa kwamba kundi lake ni salama huendelea kutafuna kwa moyo mweupe. Mtu wa Ngamiani mwenye kadi iliyoandikwa O anaweza kuichukulia kadi hiyo kama hirizi. Swali la kitaalamu linalohitaji kujibiwa basi si dogo: je, damu inasema kweli jambo lolote kuhusu saratani ya kinywa, na kama inasema, inasema kwa sauti ya kiasi gani?

Saratani inayozungumziwa hapa ni ile inayoanzia kwenye utando laini unaofunika ndani ya kinywa: mashavu, ulimi, fizi, sakafu ya mdomo na kaakaa. Takriban tisa kati ya kumi za saratani hizo hutokana na seli bapa za utando huo. Kwa mwaka 2020, makadirio ya kimataifa yalikuwa wagonjwa wapya wapatao 378,000 wa saratani ya midomo na kinywa duniani kote, na vifo vipatavyo 178,000. Uvimbe wa taya wa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958, ni ugonjwa mwingine kabisa na haumo katika mjadala huu.

Wanawake watano wa Kenya

Kabla ya kuingia katika damu yenyewe, kuna tukio la kihistoria katika eneo hili la Afrika Mashariki linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1952, tabibu aitwaye Schwartz alieleza hali ya ajabu aliyoiona kwa wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Utando wa vinywa vyao ulikuwa umepauka na kukakamaa, na midomo yao haikuweza kufunguka vizuri. Schwartz aliipa hali hiyo jina la Kilatini lenye maana ya kudhoofika kwa utando wa kinywa bila sababu inayojulikana. Maelezo hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya ugonjwa huo katika tiba ya kisasa. Mwaka uliofuata, Joshi aliueleza huko India, na baadaye ukajulikana kama ugonjwa wa nyuzi za chini ya utando wa kinywa.

Maneno "bila sababu inayojulikana" yanastahili kutazamwa kwa makini. Ugonjwa uliokutwa kwa watu wa asili moja tu, walio mbali na nchi ya mababu zao, ulishawishi fikra zielekee kwenye damu na nasaba: pengine kuna kitu katika miili ya watu hawa. Ilichukua miongo kadhaa ya uchunguzi, hasa India na baadaye katika jumuiya za Wahindi waliohamia nchi nyingine, kuthibitika kwamba kisababishi kikuu ni popoo. Kemikali za tunda hilo, hasa arekolini, huzichochea seli zilizo chini ya utando kutengeneza nyuzi ngumu kupita kiasi, na madini ya shaba yaliyomo kwenye popoo huzidi kuziimarisha nyuzi hizo. Kinywa hukaza taratibu, kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Sehemu ya wagonjwa hao huishia kupata saratani. Mwaka 1985, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba tambuu iliyochanganywa na tumbaku husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2004 lilichapisha uamuzi wa pili, kwamba hata popoo peke yake, bila tumbaku, imo katika daraja lile lile la juu.

Hivyo ndivyo maradhi yaliyoelekea kudhaniwa kuwa ya asili yalivyogunduliwa kuwa, kwa sehemu kubwa, maradhi ya kilichomo kinywani. Asili haikuwa na hatia kamili, kwa kuwa si kila mtafunaji hupata ugonjwa huo na tofauti za kurithi huenda zina nafasi yake. Lakini aliyeanza na asili alichelewa kufika kwenye popoo. Utafiti wa kundi la damu katika pwani hii unaweza kuanguka katika shimo lile lile.

Damu iliyomo kinywani

Mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu zikichanganywa, baadhi huganda mabonge na nyingine hupatana. Aliyagawa matokeo yake katika makundi matatu. Mwaka uliofuata Decastello na Sturli waliongeza kundi la nne, linaloitwa leo AB. Landsteiner alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Kinachotofautisha makundi hayo ni sukari. Juu ya chembe nyekundu kuna minyororo mifupi ya sukari inayoitwa antijeni H. Mwenye jeni ya A ana kimeng'enya kinachoongeza sukari ya aina moja mwishoni mwa mnyororo huo. Mwenye jeni ya B anacho kinachoongeza sukari ya aina nyingine. Mwenye AB anavyo vyote viwili. Mwenye O hana kimeng'enya kinachofanya kazi, hivyo mnyororo wake hubaki kama ulivyo. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya tisa, na aina ya O iliyoenea zaidi hutokana na kupotea kwa herufi moja tu ya vinasaba. Herufi moja ikitoka, maelekezo yote yanayofuata husomeka ovyo, na kimeng'enya hakitengenezwi.

Jambo ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba sukari hizo hazimo kwenye damu peke yake. Zimo pia juu ya seli za utando wa kinywa, koo, tumbo na utumbo. Kwa watu wapatao wanane kati ya kumi, ambao wamerithi uwezo huo, hutoka pia na mate. Neno "kundi la damu" linapotosha kidogo, kwa kuwa lingeweza kuitwa vilevile kundi la mate. Mtu wa kundi A ana A ndani ya shavu lake.

Hapa ndipo biolojia inapoipa dhana hii uzito. Watafiti wa Denmark, akiwamo Dabelsteen na wenzake, walionyesha kwamba utando wa kinywa unapogeuka kuwa saratani, mara nyingi seli zake hupoteza antijeni A au B zilizokuwa nazo. Jeni hupotea, au hufungwa kwa alama za kikemikali zinazoizuia kusomwa, na kimeng'enya hukoma kutengenezwa. Seli iliyovuliwa sukari hizo huonekana kupata wepesi wa kutembea, sifa inayoifaa saratani inapovamia sehemu za jirani. Kwa hiyo kiungo kati ya mfumo wa ABO na saratani ya kinywa kipo, tena kinaonekana chini ya hadubini.

Hata hivyo, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo maelezo mengi ya mitaani huyachanganya. Kupotea kwa antijeni wakati saratani inaendelea ni tukio la ndani ya uvimbe. Kuzaliwa na kundi A, B, AB au O ni hali ya mtu mzima. La kwanza halithibitishi kwamba la pili linaongeza hatari. Nyumba inayoungua hupoteza paa lake, lakini aina ya paa si lazima iwe ndiyo iliyouleta moto.

Tafiti zinasema nini

Historia ya kuhusisha kundi la damu na saratani ilianza kwa nguvu mwaka 1953. Mwaka huo, Aird, Bentall na Roberts wa Uingereza walichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya tumbo walikuwa na kundi A kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Matokeo hayo yamedumu. Mwaka 2010, utafiti uliofuatilia wachangiaji damu zaidi ya milioni moja wa Sweden na Denmark ulikuta hatari ya saratani ya tumbo kwa kundi A ikizidi ile ya kundi O kwa takriban asilimia 20. Kwa kongosho, utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliohusisha watu wapatao 107,000 ulikuta makundi yote yasiyo O yakiwa na hatari kubwa zaidi, na kundi B ndilo lililoongoza, kwa zaidi ya mara moja na nusu.

Kwa saratani ya kinywa picha si safi kiasi hicho. Tafiti nyingi zimefanyika India, na nyingine Pakistan na Uturuki. Baadhi zimelitaja kundi A, baadhi kundi B, na nyingine hazikuona tofauti yoyote. Nyingi ni ndogo, za hospitali moja, na zinalinganisha wagonjwa makumi au mamia machache na watu wa kundi linganishi waliopatikana kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mtafiti anayepima makundi manne pamoja na kipengele cha Rhesus, kisha akatenganisha wanaume na wanawake, ulimi na shavu, amejipa nafasi nyingi za kukutana na tofauti iliyoletwa na bahati tu. Tofauti hiyo ndiyo inayochapishwa. Utafiti usioona kitu hubaki kabatini.

Ukubwa wa sampuli nao una kauli yake. Ikiwa kundi B ni asilimia 20 ya jamii na mtafiti anataka kugundua kama ni asilimia 25 miongoni mwa wagonjwa, kwa viwango vya kawaida vya takwimu atahitaji watu wapatao 1,100 kila upande. Ni idadi ambayo hospitali moja ya mkoa haiwezi kuipata upesi.

Pwani ya watu wengi

Tanga ni mahali pagumu kwa swali hili kwa sababu ya historia yake. Mwambao kutoka Moa hadi Pangani una Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wazigua, na jamii za Waswahili zilizokuwa na uhusiano wa bahari na Pemba, Mombasa, Lamu na ng'ambo kwa karne nyingi. Washambaa wameshuka kutoka milimani. Kuna familia za asili ya Hadhramaut na Oman, na familia zenye asili ya Gujarat na Kachchh. Mwaka 1893 mkonge uliingizwa nchini na Richard Hindorf, na mwaka huo huo ujenzi wa reli ya Usambara ukaanza kutoka Tanga. Mashamba yaliyofuata yaliwavuta manamba kutoka bara na kutoka nje ya mipaka. Wajukuu wao wako Muheza, Korogwe na mjini hadi leo.

Makundi ya damu hayakugawanyika sawasawa miongoni mwa watu wa asili hizo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kundi O ni la takriban nusu ya watu, na B ni la takriban mmoja kati ya watano. Magharibi na kaskazini mwa India, B hukaribia theluthi moja, na mahali pengine huizidi. Sababu moja ya tofauti hizo inafahamika vizuri pwani hii: malaria. Chembe nyekundu za kundi O hazishikamani kwa urahisi na chembe zilizoingiwa na vimelea, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Mali ulionyesha kwamba watoto wa kundi O walipungukiwa sana na hatari ya malaria kali. Katika maeneo ambako malaria imewaua watoto kwa vizazi na vizazi, O ilikuwa na faida. Anthony Allison, aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1954 jambo kubwa zaidi la namna hiyo, kwamba wabebaji wa jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria. Damu basi inaweza kusema mambo mazito kuhusu ugonjwa, na mtu wa Muheza hahitaji kushawishiwa juu ya hilo. Tofauti ni kwamba kwa selimundu na malaria sauti ni kubwa. Kwa ABO na kinywa, mpaka sasa, ni mnong'ono.

Uraibu na nani anatafuna

Desturi ya tambuu ni kongwe katika pwani ya Afrika Mashariki. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa majani ya tambuu na popoo, kama heshima ya mgeni. Mpaka leo, jani la mtambuu hupakwa chokaa, likatiwa popoo, katu na pengine tumbaku, iliki au karafuu, kisha likakunjwa. Kwa miaka mingi kijaluba cha uraibu kilikuwa sehemu ya ukarimu wa nyumba na ya shughuli za harusi. Kwa wengine tambuu ni kitu cha mara moja moja. Kwa wengine hukaa shavuni upande ule ule, mchana kutwa, kwa miaka 30.

Kikemia mchanganyiko huo hauna huruma. Chokaa huongeza ukali wa alkali kinywani na kuwezesha kemikali za popoo kupenya haraka. Mazingira hayo huzalisha chembe haribifu za oksijeni zinazojeruhi vinasaba vya seli. Tumbaku huongeza sumu zake za jamii ya nitrosamini. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo hufika mahali pale pale kwa njia nyingine. Sigara na pombe, vikitumiwa pamoja, huzidishana badala ya kujumlishana tu.

Desturi hii si ya Wahindi peke yao, na anayeisema hivyo anawakosea heshima Wahindi na Waswahili pia. Lakini wingi wake hutofautiana: kati ya jamii na jamii, wanawake na wanaume, wazee na vijana, mjini na shambani. Makundi ya damu nayo hutofautiana kati ya jamii na jamii. Vitu viwili vinavyotofautiana kwa kufuata mstari mmoja vinaweza kuonekana kana kwamba kimoja kimezaa kingine. Wanatakwimu hukiita kitu kilichofichika nyuma ya uhusiano wa namna hiyo kikanganyishi.

Mfano wa kubuni utaliweka wazi zaidi. Ichukuliwe kwamba kuna mji wenye jamii mbili. Katika jamii ya kwanza, B ni asilimia 20. Katika ya pili, asilimia 40. Jamii ya kwanza ni watu tisa katika kila kumi wa mji. Jamii ya pili ni ndogo lakini inatafuna tambuu zaidi, hivyo inatoa nusu ya wagonjwa wote wa saratani ya kinywa. Ichukuliwe pia kwamba kundi la damu halina athari yoyote kwa saratani. Mtafiti akiwapima wagonjwa 100, hamsini kutoka kila jamii, atakuta watu 10 wa kundi B upande mmoja na 20 upande wa pili: jumla 30. Akiwapima watu 100 wenye afya kutoka mjini, 90 wa jamii ya kwanza na 10 wa jamii ya pili, atakuta 18 na 4: jumla 22. Akifanya hesabu ya kawaida ya uwezekano, B itaonekana kuongeza hatari kwa mara moja na nusu. Ilhali ndani ya kila jamii, wagonjwa na wasio wagonjwa wana B kwa kiwango kile kile. Tofauti yote imetokana na tambuu, na damu imesingiziwa.

Ukubwa wa athari hiyo ya bandia unakaribiana na ule unaodaiwa katika tafiti nyingi za kweli. Hilo halithibitishi kwamba tafiti hizo zote zimekosea. Linaonyesha tu kwamba utafiti ambao haukuuliza kwa undani kuhusu asili ya familia na historia ya kutafuna hauna namna ya kujitetea. Swali la ndiyo au hapana halitoshi. Ni lazima kujua mtu alianza akiwa na umri gani, anatafuna mara ngapi kwa siku, kwa tumbaku au bila tumbaku, kwa popoo mbichi au kavu, na kama analala tambuu ikiwa shavuni.

Tatizo la kundi linganishi

Njia rahisi ya kupata kundi linganishi ni kutumia kumbukumbu za wachangiaji damu, kwa kuwa makundi yao yamekwisha kupimwa. Nchini Tanzania njia hii ina mitego miwili. Wachangiaji wa hiari wamekuwa kwa sehemu kubwa wanafunzi wa sekondari, vijana ambao mchanganyiko wao wa asili haulingani na ule wa wagonjwa wenye umri wa miaka 50 au 60. Kwa miongo mingi wagonjwa wa saratani kutoka Tanga wamesafirishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwendo wa kilomita zipatazo 350, na huko hukutana na wagonjwa kutoka Lindi, Kigoma, Zanzibar na kwingineko. Kumlinganisha mgonjwa wa Ocean Road na mwanafunzi wa Dar es Salaam ni kulinganisha nchi nzima na jiji moja.

Mtego wa pili ni wa wachangiaji wa kufidia, yaani ndugu wanaochangia damu kwa ajili ya mgonjwa wao. Kundi la damu hurithiwa. Mtoto, kaka au mpwa wa mgonjwa ana nafasi kubwa kuliko mtu baki ya kuwa na kundi lile lile. Wakiingizwa katika kundi linganishi bila kutambuliwa, watalifanya lifanane na wagonjwa, na kama kulikuwa na tofauti ya kweli itafichwa. Mtego wa kwanza hutengeneza uhusiano usiokuwapo. Wa pili hufuta uliopo.

Utafiti wenye kuaminika zaidi ungewalinganisha watafunaji na watafunaji wenzao wa jamii moja na umri unaokaribiana. Miongoni mwa watu waliotafuna kwa miaka 20, wote kwa namna moja, ni nani aliyepata ugonjwa, na kundi lake ni lipi? Swali likiulizwa hivyo, damu inapewa nafasi ya haki ya kusema. Huenda ikabainika kwamba sukari za utando wa kinywa zinabadilisha kidogo namna seli inavyostahimili chokaa na popoo. Hiyo ni nadharia tete nzuri kwa pwani hii, nzuri kuliko hesabu ya jumla ya wagonjwa wangapi ni A na wangapi ni B.

Kinywa chenyewe

Wakati swali hilo likisubiri, kuna ishara ambazo hazihitaji maabara. Kidonda cha kinywani kisichopona ndani ya wiki tatu, kiwe kinauma au la, kinahitaji kuonwa na daktari wa kinywa na meno. Hali kadhalika baka jeupe lisilofutika, baka jekundu kama mahameli, uvimbe wa shavuni au shingoni, au jino linalolegea bila sababu. Baka jekundu hutia wasiwasi zaidi ya jeupe, ingawa jeupe ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi. Kwa mtafunaji wa popoo, kipimo kimoja cha zamani bado kinafaa: afungue kinywa kadiri awezavyo na asimamishe vidole vyake vitatu vya katikati kati ya meno ya juu na ya chini. Vikishindwa kuingia, na hasa kama chakula chenye pilipili kimeanza kumuunguza kuliko zamani, anahitaji uchunguzi. Wanawake watano wa mwaka 1952 wangeshindwa kipimo hicho.

Daktari atauliza mgonjwa anatafuna nini na tangu lini, atapapasa sakafu ya mdomo na pembe za ulimi, na akiona shaka atakata kinyama kidogo kipelekwe kupimwa. Kundi la damu halimo katika maswali hayo. Litaulizwa baadaye, iwapo uvimbe utahitaji kukatwa pamoja na sehemu ya taya, kwa kuwa upasuaji wa namna hiyo huweza kumwaga damu nyingi na chupa zinazolingana ni lazima ziwe tayari. Siku hiyo kadi iliyohifadhiwa nyumbani itahitajika, na ndugu walioitwa kuchangia watasimama mstarini wakisubiri kupimwa nani ni O na nani ni B.